Savannah imeokoa majengo yake, sasa iangalie shule yake

Mwaka 1954 mji wa Savannah, jimboni Georgia, kusini-mashariki mwa Marekani, ulibomoa soko lake kongwe la Ellis Square na mahali pake ukasimamisha jengo la kuegeshea magari. Muda si mrefu nyumba ya Davenport, iliyojengwa mwaka 1820, nayo ikawa imekalia kuti kavu, kwa kuwa kampuni ya mazishi iliyokuwa jirani ilitaka eneo lake liwe maegesho. Wanawake saba wakaungana, wakachangisha dola 22,500, wakainunua. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa taasisi ya uhifadhi ya Historic Savannah Foundation mwaka 1955, na mwaka 1966 eneo la kati la mji likatangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Lile jengo la maegesho lenyewe limekwisha kubomolewa, na uwanja wa Ellis ukafunguliwa upya mwaka 2010.

Kisa hicho husimuliwa kila panapotajwa uhifadhi wa miji nchini Marekani, na kinastahili kusimuliwa. Lakini kimewazoesha watu kuamini kwamba mji ukishaokoa kuta zake umejiokoa wenyewe. Nyumba ya Davenport iliokolewa kwa kugeuzwa makumbusho. Majumba mengine mengi ya Savannah yaliokolewa kwa kugeuzwa hoteli, mikahawa, maduka ya vitu vya kale, au madarasa ya chuo cha sanaa, Savannah College of Art and Design, kilichoanzishwa mwaka 1978 na ambacho kimenunua na kukarabati majengo makongwe kwa wingi. Kazi hiyo ni njema. Hata hivyo, karibu kila jengo lililookoka lilibadili shughuli yake, na waliokuwa wakilitumia mwanzo wakaondoka.

Sasa nenda Mtaa wa East Liberty, jirani na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Hapo ipo St. Vincent's Academy, sekondari binafsi ya Kikatoliki ya wasichana. Masista waliianzisha mwaka 1845. Katika simulizi za uhifadhi haipewi nafasi kubwa, na sababu ni rahisi: haikugeuzwa kitu kingine. Wasichana walisoma hapo kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, wakasoma wakati soko la Ellis Square linabomolewa, na wanasoma leo huku magari ya watalii yakipita.

Ninaamini kwamba kwa mji mkongwe unaoishi kwa utalii, shule ya namna hii ina thamani kuliko makumbusho yoyote, na kwamba sheria za uhifadhi kama zilivyo hazina uwezo wa kuilinda. Naamini pia kwamba shule nayo ina deni kwa mji. Ikiwa kubaki kwake katikati ya mji kutaishia kuwa fursa ya mabinti wa wenye nacho wanaoletwa kwa magari asubuhi na kuchukuliwa alasiri, basi itakuwa imebaki kwa mahali tu. Ili kuyaeleza haya mawili inabidi kurudi nyuma, kwa sababu fedha na milango vimekuwa kiini cha habari ya shule hii tangu siku ya kwanza.

Savannah ilipoasisiwa mwaka 1733, Mkatoliki hakutakiwa. Hati ya kifalme ya mwaka 1732 iliyounda koloni la Georgia ilitoa uhuru wa kuabudu kwa kila mtu isipokuwa wafuasi wa Papa. Hofu ilikuwa ya kisiasa: kusini yake, Florida, walikaa Wahispania Wakatoliki, na koloni jipya lilikusudiwa kuwa ngome dhidi yao. Baada ya uhuru wa Marekani milango ilifunguka kidogo kidogo, na kufikia miaka ya 1830 na 1840 Waayalandi walikuwa wakiingia kwa wingi kufanya kazi za reli, mifereji na bandari. Wengi walikuwa maskini wa kutupwa. Masista waliofika mwaka 1845 walitoka Charleston, jimbo la jirani la South Carolina, katika shirika lililoanzishwa na Askofu John England mwaka 1829. Jengo lao lilichorwa na Charles Cluskey, msanifu ambaye naye alikuwa mzaliwa wa Ayalandi.

Jambo la kutazama kwa makini ni namna masista hawa walivyopanga kazi yao. Hawakufungua shule moja. Walifungua shule ya bweni na ya kutwa kwa wasichana waliolipa, pamoja na makao ya yatima na shule ya bure kwa watoto wa maskini. Mashirika mengi ya masista katika karne ya 19 yalifanya kazi kwa mpango huo. Karo ya binti wa mfanyabiashara wa pamba ilisaidia kumlisha yatima aliyelala chini ya paa hilohilo. Wazazi Waprotestanti nao walipeleka mabinti wao kwa masista, kwa sababu elimu ya muziki, Kifaransa na kazi za mkono ilisifika, na wao pia, pengine bila kukusudia, walichangia shule ya maskini wa Kikatoliki.

Ndiyo maana shule ilikaa katikati ya mji. Mteja tajiri alikuwa hatua chache upande mmoja, mhitaji hatua chache upande wa pili, na kanisa lilikuwa hapohapo. Homa ya manjano ilipoushambulia mji mwaka 1854, Askofu wa kwanza wa Savannah, Francis X. Gartland, alikufa kwa ugonjwa huo, na masista waliokuwa wakifundisha waligeuka wauguzi. Homa ilirudi mwaka 1876, na safari hii masista walikuwa wamekwisha kuanza hospitali, ile ya St. Joseph's, mwaka mmoja kabla. Shule, yatima, wagonjwa: yote yalikuwa ndani ya umbali wa kutembea kwa miguu.

Ila hesabu hiyo ya ukarimu ilikuwa na ukuta, nao ulikuwa wa rangi. Sheria ya Georgia ya mwaka 1829 ilifanya kuwa kosa kumfundisha mtumwa kusoma au kuandika. Kwa hiyo katika miaka ishirini ya kwanza ya shule hii, madarasa yalipokuwa yakijaa sauti za wasichana wakisoma, wasichana weusi wa mji huohuo walikatazwa herufi kwa nguvu ya dola. Machi 1859, katika uwanja wa mbio za farasi nje kidogo ya mji, zaidi ya watu 400 wa shamba la Pierce Butler walinadiwa kwa siku mbili, mojawapo ya minada mikubwa kabisa ya watumwa katika historia ya Marekani. Vita vilipokwisha mwaka 1865, na Jefferson Davis, rais wa majimbo yaliyojitenga, akiwa kifungoni, mkewe na watoto walizuiliwa Savannah, na binti yao alipokelewa kusoma kwa masista.

Sisemi hayo ili kuwahukumu masista wa 1845 kwa mizani ya leo. Nasema kwa sababu mjini humohumo alikuwapo mwanamke aliyeonyesha kwamba njia nyingine iliwezekana. Mathilda Beasley, mwanamke mweusi huru aliyezaliwa New Orleans, aliwafundisha watoto weusi kwa siri nyumbani kwake Savannah, akijua adhabu iliyomngoja kama angekamatwa. Baadaye akawa mtawa, akaanzisha makao ya yatima weusi, na alifariki mwaka 1903. Miaka zaidi ya kumi baada ya kifo chake, wanasiasa wa Georgia walileta muswada wa kuwakataza walimu wazungu kuwafundisha watoto weusi. Padre Ignatius Lissner na Mama Mary Theodore Williams wakaanzisha mwaka 1916, hapo Savannah, shirika la masista weusi, Franciscan Handmaids of Mary, ili watoto wasikose walimu muswada ukipita. Haukupita. Shirika hilo likahamia Harlem, New York, miaka ya 1920, na Savannah ikawapoteza watu ambao ingepaswa kuwashika kwa mikono miwili.

Kwa hiyo mtu anaposema shule ya Kikatoliki ya katikati ya mji "iliwahudumia watu wote", aulizwe ni watu gani, na mwaka gani. Wakatoliki weusi wa Savannah walikuwa na sekondari yao, St. Pius X, iliyofunguliwa mwaka 1952 na kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ubaguzi wa kisheria ulipokuwa umeondolewa. Kote Kusini mwa Marekani ndivyo ilivyokuwa: kuunganisha shule mara nyingi kulimaanisha kufunga ya weusi na kubakiza ya wazungu. Shule iliyobaki hurithi wajibu wa ile iliyofungwa, ijapokuwa hakuna hati inayosema hivyo.

Kuna sura nyingine ya historia hii ambayo Wamarekani wengi wenyewe hawaifahamu, na ni ya fedha za umma. Leo ubishi juu ya serikali kuchangia karo za shule za dini unaendeshwa kana kwamba umezuka jana. Savannah ilikwisha kuujaribu mwaka 1870. Askofu Augustin Verot alipatana na bodi ya elimu ya mji, shule za parokia zikaingizwa katika mfumo wa umma: bodi ikalipa walimu, walimu wakabaki Wakatoliki, na mafundisho ya dini yakawekwa nje ya saa za kawaida za masomo. Mpango huo ulidumu zaidi ya miongo minne. Haukuleta maangamizi. Mji haukugeuka wa Papa, na watoto wa Waayalandi hawakugeuka wapagani.

Ulikufa kwa chuki. Katika muongo wa 1910 mwanasiasa Tom Watson alilijaza jimbo la Georgia maneno ya uhasama dhidi ya Wakatoliki, na bunge la jimbo likapitisha sheria ya kukagua nyumba za watawa, kana kwamba nyuma ya kuta za konventi kulikuwa na wasichana waliofungiwa bila hiari yao. Fikiria masista waliowauguza wagonjwa wa homa ya manjano katika mji huu, miaka arobaini baadaye shirika lao linawekewa sheria ya kupekuliwa. Walei Wakatoliki, yaani waumini wasio mapadre wala watawa, wakaunda chama chao mwaka 1916 kujibu uzushi huo kwa kalamu, barua kwa barua, gazeti kwa gazeti. Lakini mpango wa 1870 ulikuwa umekwisha. Tangu hapo shule za Kikatoliki za Savannah zilijitegemea.

Zilijitegemeaje? Hapa ndipo wachambuzi wengi wanapoteleza. Husema shule hizo zilikuwa nafuu kwa sababu waumini walikuwa wakarimu. Walikuwa wakarimu kweli, ila mchango mkubwa kuliko wote ulikuwa kazi ya watawa wasiolipwa mshahara wa soko. Mwaka 1920 zaidi ya asilimia 90 ya walimu wa shule za Kikatoliki nchini Marekani walikuwa masista, mabruda na mapadre. Leo hawafiki asilimia tatu. Mwaka 1965 Marekani ilikuwa na masista takribani 180,000. Sasa hawazidi 40,000, na wengi wao ni wazee. Sista aliishi kwenye konventi, akala mezani na wenzake, akafundisha madarasa yaliyojaa pomoni, na posho yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba karo iliweza kuwa ya jina tu. Mwalimu mlei ana nyumba ya kulipia, bima ya afya, watoto wa kusomesha. Anastahili mshahara kamili, na mshahara huo unatoka kwenye karo.

Matokeo yake yanaonekana katika takwimu za taifa zima. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 shule za Kikatoliki za Marekani zilikuwa karibu 13,000 zenye wanafunzi wapatao milioni 5.2. Sasa shule ni kama 6,000 na wanafunzi ni takribani milioni 1.7. Zilizofungwa zaidi ni zile za katikati ya miji, katika parokia za wahamiaji wa zamani ambao watoto wao walihamia vitongojini. Zilizobaki zimeelekea kuwa za wanaomudu. Hakuna askofu aliyetangaza kwamba shule za Kikatoliki sasa ni za tabaka la kati na la juu. Hesabu ndizo zilizoamua, kimya kimya, bajeti baada ya bajeti.

Savannah nayo ilipitia uhamaji huo. Shule ya kijeshi ya wavulana ya Benedictine, iliyoanzishwa na wamonaki mwaka 1902, iliondoka mtaa wake wa zamani miaka ya 1960 na kuhamia upande wa kusini wa mji kwenye nafasi pana. Hospitali ya St. Joseph's, ile ya masista, nayo ilihamia kusini mwaka 1970. Uamuzi wa namna hiyo ulikuwa na mantiki yake: ardhi ya bei nafuu, viwanja vya michezo, maegesho, na familia zilizokuwa zimekwisha kuhama. Wasichana wa St. Vincent's walibaki. Ndugu zao wa kiume wana viwanja vya mpira mlangoni. Wao wana mitaa, miti ya mwaloni na kanisa kuu.

Kubaki huku kuna gharama ambayo mgeni anayepiga picha za madirisha haioni. Jengo la zama za pamba katika hewa ya pwani yenye unyevu linahitaji mafundi wanaojua chokaa ya zamani, si saruji ya kisasa inayonasa maji ndani ya ukuta na kuuozesha tofali. Ndani ya eneo la kihistoria, mabadiliko ya nje ya jengo hupitia bodi ya mapitio iliyoundwa mwaka 1973. Mlango, dirisha, ngazi, njia ya mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu: kila kimoja kina mchoro, kikao na ankara yake. Mimi naunga mkono bodi hiyo. Bila yake Savannah ingekuwa na vioo na chuma kila kona. Ila tuwe wakweli kuhusu anayelipa. Hoteli hulipia ukarabati kwa bei ya chumba, na uzuri wa jengo humletea wateja. Shule hulipia kwa karo, na uzuri wa jengo haumwongezei mwanafunzi alama hata moja ya hisabati.

Sheria ya uhifadhi inalinda mwonekano. Haiulizi nani yumo ndani. Kesho St. Vincent's ikifunga na jengo likauzwa kwa kampuni ya hoteli, bodi itasimamia rangi ya vibao vya madirisha kwa bidii ileile, na kwa mujibu wa sheria hakuna kitakachokuwa kimeharibika. Hapo ndipo uhifadhi wa Savannah unapopungukiwa. Mji umekwisha kukiri kwamba mwonekano hautoshi: mwaka 2017 baraza liliweka kikomo cha asilimia 20 kwa kila kata kwa nyumba zinazopangishwa wageni wa siku chache ambazo mwenyewe haishi humo. Maana ya uamuzi huo ni kwamba mji una haki ya kujali matumizi ya nyumba pamoja na sura yake. Mantiki hiyohiyo ingepelekwa kwenye shule, zahanati na maduka ya mahitaji ya kila siku, vitu vinavyofanya mtaa ukalike.

Shule ina uzito wa pekee hapa. Hoteli huleta watu ambao wiki ijayo hawatakuwapo. Chuo huleta vijana wanaokaa miaka minne. Shule ya sekondari huleta familia zinazoufahamu mji kwa miaka, mama aliyesoma hapo akimleta bintiye, mwalimu anayenunua chakula cha mchana kwenye duka lilelile kwa miaka kumi. Wasichana wanaovuka viwanja vya James Oglethorpe, mwasisi wa mji, kwenda Misa kanisani wanautumia mpango wa mji wa 1733 kwa kazi iliyokusudiwa. Viwanja 22 kati ya 24 vilivyowahi kuwapo bado vipo, na kila mtalii huelezwa kwamba vilipangwa ili kila kata iwe na sehemu yake ya makazi na sehemu yake ya shughuli za umma. Maelezo hayo yana maana pale tu ambapo kuna watu wa kata.

Turudi kwenye fedha, maana hapa pana uamuzi mgumu wa sasa. Aprili 2024 Georgia ilitunga sheria inayotoa hadi dola 6,500 kwa mwaka kwa mwanafunzi aliye katika eneo la shule ya umma iliyo kwenye robo ya chini kwa ufaulu, ili familia yake ilipie shule binafsi au gharama nyingine za elimu. Kabla yake, tangu mwaka 2008, jimbo limekuwa likitoa nafuu ya kodi kwa wanaochangia mifuko ya ufadhili wa masomo. Kikomo chake kilipandishwa hadi dola milioni 100 mwaka 2018, kisha milioni 120 mwaka 2022. Waliopinga nafuu hiyo walikwenda mahakamani wakisema ni fedha ya umma kuingia shule za dini kwa mlango wa nyuma, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Georgia ikaitupa kesi hiyo kwa hoja kwamba walalamikaji hawakuwa na haki ya kisheria ya kuifungua. Mahakama ya juu kabisa ya Marekani nayo, mwaka 2020 na tena 2022, imesema jimbo likiamua kusaidia shule binafsi haliwezi kuzibagua za dini kwa sababu ya dini yao.

Wapinzani wana hoja nzito. Shule za umma za Savannah zinafundisha watoto wengi mno kuliko shule zote binafsi zikiunganishwa, katika mji ambao mtu mmoja kati ya watano hivi anaishi chini ya mstari wa umaskini. Mwanafunzi mmoja akiondoka na fedha yake, basi la shule haliwi fupi wala darasa halipungui umeme. Na shule binafsi inachagua. Ya umma haichagui. Wachunguzi wa elimu wamebishana kwa miongo ikiwa matokeo mazuri ya shule za Kikatoliki yanatokana na mafundisho yake au na aina ya familia zinazozichagua, na ubishi huo haujamalizika.

Pamoja na hayo, sikubaliani na wanaotaka mlango ufungwe kabisa. Mpango wa 1870 unanifundisha kwamba fedha ya umma inaweza kuingia shule ya dini bila kuvunja mji, mradi kuna masharti ya wazi na pande zote zinawajibika. Tofauti ni kwamba mwaka 1870 bodi ya elimu ilikaa meza moja na askofu na kujua kila mwalimu anayelipwa. Mfumo wa leo unampa mzazi fedha na kumwacha sokoni. Dola 6,500 kwa familia iliyokuwa inamudu karo ni zawadi. Kwa familia ya mhudumu wa hoteli hapo katikati ya mji, mama anayetandika vitanda mitaa mitatu kutoka shuleni, dola 6,500 peke yake huenda zisitoshe, kwa sababu bado kuna salio la karo, sare, vitabu na usafiri. Atasoma barua ya ufadhili na kuirudisha kwenye bahasha.

Hapo ndipo shule inapodaiwa. Masista wa 1845 walikuwa na jibu la tatizo hili: anayeweza alipe zaidi ya gharama, ili asiyeweza asome. Leo masista wameadimika madarasani, lakini kanuni yao haikuhitaji joho la mtawa. Inahitaji karo inayopanda na kushuka kwa kipato cha mzazi. Inahitaji mfuko wa akiba unaochangiwa na wahitimu, ambao kwa shule ya umri huu wametawanyika katika kila ofisi ya mji. Na inahitaji kwamba ruzuku ya jimbo itumike kuongeza viti vya wasiokuwamo badala ya kupunguza karo ya waliomo. Dayosisi ina sauti katika hili, na ningetamani kuisikia ikisema bila kumumunya maneno.

Baraza la mji nalo lisikae kando likishangilia. Kama linaweza kuweka kikomo cha nyumba za wageni, linaweza kuitengea shule nafasi ya kushushia wanafunzi bila kugombana na mabasi ya watalii, kuwapa wanafunzi wa shule zote za katikati ya mji usafiri wa umma bila nauli, na kutenga sehemu ya kodi ya hoteli kusaidia ukarabati wa majengo makongwe ambayo bado yanatumika kwa elimu, ya dini na yasiyo ya dini kwa kipimo kimoja. Watalii wanalipa kuuona mji ambao shule hizo zinausaidia kubaki mji. Si dhuluma sehemu ya fedha yao ikienda kwenye paa la darasa.

Na kila mwaka, kabla ya kupokea senti ya umma, St. Vincent's na wenzake wachapishe hesabu moja: wanafunzi wangapi wanatoka katika maeneo ya shule za umma zenye shida ndani ya Savannah, wangapi kati yao ni wapya waliofika kwa sababu ya msaada huo, na wangapi waliomba wakakosa nafasi au fedha. Wabunge wa Georgia waidai kwa sheria. Shule isiyotaka kusubiri sheria ianze mwaka huu.